Refa na ampaya: tofauti yao hasa ni ipi?

#1 MratibuWete
Assalaam alaykum wana jukwaa. Naandaa fomu za waamuzi kwa mashindano ya skuli, michezo sita: mpira wa miguu, pete, wavu, mikono, vinyoya (badmintoni) na mpira wa meza. Fomu ya zamani imeandikwa "refa" kila pahala, na walimu wa pete hawaitaki, wanasema wao wana ampaya, hawana refa. Kuna mwenzetu ametoa kanuni hii: refa ni anayekimbia na wachezaji ndani ya kiwanja, ampaya ni anayekaa au kusimama pahala pamoja. Je, kanuni hiyo inasimama?

#2 Darajani_7
Inasimama. Refa wa mpira anakimbia dakika 90, ampaya wa tenisi kakaa juu ya kiti. Chapa fomu.

#3 PeteMbili
Haisimami hata kidogo. Ampaya wa pete anakimbia. Kiwanja cha pete ni mita 30.5 kwa 15.25, ampaya wako wawili, kila mmoja ana nusu yake, pamoja na mstari wa goli wa nusu ile na mstari mzima wa pembeni wa upande wake. Mpira ukivuka kuja kwake anatakiwa awe sambamba nao au mbele yake kidogo, na ukiingia katika nusu duara la kufungia anashuka mpaka nyuma ya mstari wa goli, ili aone nafasi iliyopo baina ya mfungaji na mlinzi. Nafasi hiyo ni mita 0.9, na mtu aliyesimama katikati ya mstari wa pembeni hawezi kuipima kwa jicho. Robo nne za dakika 15, anakwenda na kurudi. Aliyekaa pahala pamoja ni mwangalizi.

#4 WavuMkunjwe
Naongezea upande wa pili. Mpira wa wavu hauna ampaya kabisa, una refa wa kwanza na refa wa pili. Na refa wa kwanza ndiye asiyetoka pale alipo! Anasimama juu ya jukwaa kwenye ncha ya wavu, macho yake yawe takriban sentimita 50 juu ya wavu. Wavu wa wanaume ni mita 2.43, wa wanawake 2.24, kwa hiyo macho yanakuwa kama mita 2.93 na 2.74. Viwanjani mwetu jukwaa huwa halishushwi wala kupandishwa, ndiyo maana utaona refa mfupi anashindwa kuona mkono uliogusa ukingo wa juu wa wavu. Basi #2, huyu asiyehama ni refa au ampaya?

#5 Gombani
Miguu haina kazi hapa, tazameni idadi. Ampaya huwa wawili na kila mmoja ana nusu yake: pete wawili, mpira wa magongo wawili, kriketi wawili uwanjani. Refa huwa mmoja na kauli ya mwisho ni yake. Ndondi refa mmoja ulingoni, na pointi zinaandikwa na majaji walio nje ya kamba.

#6 MikonoSaba
Yakhe Gombani, umeusahau mpira wa mikono. Marefa wawili, mamlaka sawasawa, hakuna mkubwa. Na kanuni zimeshaandika la kufanya wakitofautiana. Wote wamepuliza kwa kosa la mtu mmoja lakini mmoja anataka adhabu ndogo na mwenzake kubwa, inachukuliwa iliyo kali zaidi. Wakitofautiana mpira ni wa timu gani, wanasimamisha muda, wanakutana, wanashauriana kwa ufupi na kutoa uamuzi wa pamoja. Wawili, na wote ni refa.

#7 Gombani
Nimekuelewa. Lakini hata tenisi ampaya wa kitini ni mmoja, kwa hiyo idadi inavuja pande zote mbili. Hata hivyo mgawanyo wa nusu kwa nusu sijauacha.

#8 MzeeMnaziMmoja
Tusianzie katikati. Mpira wa miguu wenyewe ulikuwa na ampaya kabla ya kumuweka refa uwanjani. Miaka ya 1870 na 1880 kule Uingereza kila timu ilikuja na ampaya wake. Hawakupuliza kitu mpaka wachezaji wadai. Mchezaji akiona kosa ananyanyua mkono na kudai, ampaya anajibu. Ampaya wawili wakikubaliana, yamekwisha. Wasipokubaliana, jambo linapelekwa kwa mtu wa tatu aliye nje ya mstari, ambaye pia anashika saa. Huyo wa nje ndiye refa, yaani mtu wa kupelekewa.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: ampaya aliletwa na timu, kwa hiyo alikuwa na upande. Ligi zilipoanza na pesa zikaingia, mabishano yakawa hayaishi. Mwaka 1891 mambo yakageuzwa: refa akaingizwa ndani ya uwanja, akapewa uwezo wa kuamua bila kungojea kudaiwa, na ampaya wawili wakatolewa pembeni wakawa washika vibendera. Penalti nayo iliingia mwaka huo huo, na haya mawili yanakwenda pamoja, maana adhabu nzito kama ile haiwezi kutolewa na mtu aliyekuja na timu.

Kwa hiyo tofauti ni ya tarehe. Michezo iliyobaki na mpango wa zamani ina ampaya, iliyopindua ina refa.

#9 Darajani_7
Ahsante Mzee. Kumbe laizimani, yaani mshika kibendera, ni ampaya aliyeshushwa cheo. Ila refa kawepo tangu sheria za mwanzo za 1863, na laizimani waligeuzwa jina kuwa waamuzi wasaidizi mwaka 1990.

#10 FilimbiMoja
Masahihisho mawili. Sheria za 1863 zilikuwa 13 na hazikutaja refa wala ampaya, manahodha walimalizana wenyewe. Na jina la mwamuzi msaidizi ni la 1996, si 1990.

Halafu yule mshika kibendera bado ana dalili ya asili yake: analinda nusu moja tu ya uwanja, wa upande huu nusu ya kulia, wa upande wa pili nusu ya pili, na refa anakimbia mshazari baina yao ili mpira uwe kati yake na kibendera. Gombani, nusu yako kwa nusu hiyo ipo mpaka leo, ila imepoteza jina. Na mamlaka pia: kibendera kikinyanyuliwa refa anaweza kukipuuza, wakati ampaya mmoja wa pete hawezi kufuta uamuzi wa mwenzake.

#11 VinyoyaTu
Wote mnazungumzia michezo yenye aina moja ya mwamuzi. Njooni kwenye mchezo wenye *wote wawili*, hapo ndipo tofauti inapoonekana. Vinyoya (badmintoni) vina ampaya na vina refa katika shindano moja, na mtu mmoja hatakiwi kuwa yote mawili kwa wakati mmoja.

Ampaya anakaa kwenye kiti kirefu kwenye usawa wa wavu. Anahesabu pointi kwa sauti, anaita kosa, anaamuru pigo lirudiwe, anatoa kadi ya njano kwa onyo na nyekundu kwa kosa. Mbele yake, upande wa pili, anakaa mwamuzi wa kuanzisha, ambaye kazi yake kubwa ni kutazama kuwa kinyoya chote kiko chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni kinapopigwa. Pembeni kuna waamuzi wa mistari. Wote hawa wana uwanja mmoja.

Refa ana ukumbi mzima. Uwanja kama ni minne, refa ni mmoja. Anapanga ampaya, anaidhinisha viwanja na vinyoya, anapokea malalamiko, na kadi nyeusi haitoki mpaka yeye aamue kumuondoa mchezaji. Basi refa ni wa shindano na ampaya ni wa mechi. MratibuWete, hapa fomu yako inahitaji saini mbili. Mara nyingi saini zote mbili zinawekwa na mtu mmoja kwa kuwa watu hawatoshi, na siku akitokea mwenye lalamiko hakuna wa kumpelekea, maana mlalamikiwa ndiye hakimu.

#12 MezaKumiNaMoja
Sawa kabisa na mpira wa meza, na kanuni zake zimeweka mpaka ulio wazi kuliko mchezo wowote ninaoujua. Jambo lililotokea ni la ampaya, na halikatiwi rufaa. Maana ya sheria ni ya refa.

Mfano. Mpira umeparua ukingo wa meza au haukuparua? Ampaya akisema umeparua, basi, refa hawezi kubadilisha hata kama alikuwa pale. Mpira wa kuanzisha ulirushwa sentimita 16 au haukufika? La ampaya pia. Lakini ampaya akikunyima pointi kwa kuwa raketi yako imegusa meza, hapo una haki ya kumwita refa, kwa sababu sheria inakataza mkono usioshika raketi kugusa uso wa meza. Raketi ikigusa bila kuisogeza meza si kosa. Ampaya aliona sawasawa ila ameisoma sheria vibaya. Refa anageuza, na kauli yake ni ya mwisho.

Kwa hiyo: ampaya ni wa macho, refa ni wa kitabu.

#13 FilimbiMoja
Maneno mazuri, lakini katika mpira wa miguu refa ni wa macho na wa kitabu pamoja. Hakuna mtu juu yake uwanjani wa kumwambia umeisoma vibaya.

#14 MzeeMnaziMmoja
Na kriketi inaivunja kutoka upande wa pili. Ampaya wawili wa kriketi wanaamua la macho na la sheria, wote wawili, bila bwana. Mmoja anasimama nyuma ya wiketi (vile vijiti vitatu) upande wa mrushaji, mwenzake pembeni upande wa mpigaji. Ova ikimalizika, mipira sita, wao hawahami, urushaji ndio unaohamia ncha ya pili kwa mrushaji mwingine, kwa hiyo kazi zinabadilishana zenyewe. Aliye nyuma ya mrushaji ndiye anayehesabu mipira, na akipoteza hesabu ova inakuwa ya mitano au saba, kosa linalotokea mpaka mechi kubwa.

Refa wa mechi kriketi ya kimataifa inaye, tangu 1991. Lakini hasemi nani katoka na nani hakutoka. Yeye ni wa nidhamu: matusi, utovu wa adabu, kuchelewesha mchezo, faini. VinyoyaTu, refa wako anapokea rufaa, refa wa kriketi hapokei rufaa ya uamuzi wa ampaya. Jina moja, kazi mbili.

#15 KikapuMaisara
Mimi nawaletea kanuni 13 za James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu, zilizobandikwa ukutani Springfield, Massachusetts, Disemba 1891. Angalieni mwaka wenyewe ni ule ule wa Mzee #8! Naismith aliweka wote wawili, na akawagawia hivi: ampaya ni mwamuzi wa watu, refa ni mwamuzi wa mpira. Ampaya anatazama miili, anaandika makosa, na timu ikifanya makosa matatu mfululizo anamjulisha refa, kwani matatu yalihesabiwa goli kwa wapinzani. Refa anatazama mpira uko ndani au nje, ni wa nani, goli limeingia au halikuingia, na anashika saa.

Siku hizi kikapu cha kimataifa kina kiongozi wa waamuzi na ampaya mmoja au wawili. Wote wana filimbi, wote wanaita kosa lolote, na kiongozi anaamua pale wengine wanapotofautiana. Neno refa limeondolewa kwenye kitabu cha kanuni, ila wachezaji bado wanaita refa.

#16 Kinyasini_Kwetu
Mbona mnazunguka? Mchezo wa kugusana una refa, mchezo usio wa kugusana una ampaya. Mpira, ndondi, judo, raga: refa. Tenisi, vinyoya, kriketi, pete: ampaya. Mtu na mtu wakivaana anahitajika wa kuingia kati.

#17 WavuMkunjwe
Wavu, bwana. Timu zimetengwa na wavu, hakuna wa kumvaa mwenzake, na bado ni refa. Soma #4.

#18 PeteMbili
Na wa pete anayesema hakuna kugusana aje atazame chini ya goli. Sheria inakataza, ndiyo, lakini nusu ya filimbi zetu ni za kugusana na kuzuia. Mwenye kosa anasimama kando ya anayepiga adhabu na hashiriki mpaka mpira utoke mkononi. Kanuni ya #16 ingesema tunahitaji refa kuliko hata kikapu.

#19 Kinyasini_Kwetu
Haya, wavu mmenishinda. Mengine nabaki nayo.

#20 Lughani
Nitazame maneno yenyewe, kwa kuwa yamebeba ushahidi. Refa anatokana na kitenzi cha Kiingereza cha kupeleka jambo kwa mtu: ni mpelekewa. Kiingereza kililitumia mapema karne ya 17 kwa watu waliopewa kuchunguza maombi yaliyopelekwa serikalini, kabla mpira haujawa na sheria hata moja.

Ampaya ni la zamani zaidi. Lilikuwa *noumpere*, kutoka Kifaransa cha kale *non per*: asiye na jozi, asiye sawa na wengine, yaani wa tatu, witiri. Watu wakisema *a noumpere*, ile n ikahamia kwenye neno la mbele ikawa *an oumpere*, na n haikurudi tena. Mpaka leo sheria ya usuluhishi ya Uingereza ya 1996, kifungu cha 21, inamtaja ampaya: wasuluhishi wawili wakishindwa kukubaliana, yeye anashika nafasi yao.

Sasa tazameni. Kwa asili ya neno, ampaya ndiye wa tatu anayekata shauri baina ya wawili. Katika mpira wa zamani wa Mzee #8, wale wawili wenye upande waliitwa ampaya na wa tatu akaitwa refa. Majina yalivaliwa kinyume tangu mwanzo! Ndiyo maana nasema msitafute mantiki, tafuteni nani alitangulia kuandika kanuni za mchezo na alizoea neno gani.

#21 MzeeMnaziMmoja
Yalivaliwa kinyume katika mpira, nakubali. Lakini mantiki ipo: *kudaiwa*. Sheria ya 31 ya kriketi inasema ampaya hamtoi mpigaji mpaka walinzi wadai. Hata kama anaona wazi kuwa katoka, wasipouliza ananyamaza. Ampaya wa mpira wa 1880 vile vile. Refa wa 1891 akapewa kupuliza bila kuulizwa. Ampaya hujibu, refa huanza.

#22 PeteMbili
Mzee, kwa heshima, ampaya wa pete hangojei kuulizwa na mtu. Mchezaji akikaa na mpira zaidi ya sekunde tatu napuliza, na mchezaji atakayekuja kudai ataonywa yeye.

#23 MzeeMnaziMmoja
Kweli, na magongo nao hawangojei. Ampaya wa magongo anatoa kadi ya kijani dakika 2 nje, ya njano dakika 5 au zaidi, nyekundu moja kwa moja, bila kudaiwa. Mchezo huu vijana wengi hawaujui, nao Tanzania iliupeleka Olimpiki ya Moscow 1980. Lakini pete na magongo vilichukua jina kutoka mashina ya zamani, kisha vikabadilisha kazi. Shina ni kudaiwa.

#24 NgalawaKojani
Mmesahau bahari. Mashua zikishindana mbili mbili, ampaya wanafuata nyuma na boti. Chombo kinacholalamika kinaonyesha bendera ya Y, ampaya wanajibu pale pale: kijani na nyeupe, hakuna adhabu, buluu au njano, chombo chenye rangi hiyo kimeadhibiwa. Hapo Mzee ana haki, wanadaiwa. Zikishindana nyingi pamoja, aghalabu malalamiko yanaandikwa na kusikilizwa na jopo baada ya kurudi pwani. Refa hayumo popote. Resi zetu za ngalawa zingefaidika na boti ya ampaya kwenye boya la kugeuzia, kwani ugomvi mwingi unazuka pale, tanga linapogeuzwa na ngalawa mbili zinagombania ndani ya boya.

#25 Gombani
Basi na mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ule wa watu kumchezea fahali, tuuwekee ampaya, tuone nani atakubali kusimama katikati na filimbi.

#26 NgalawaKojani
Huyo atakuwa wa kukimbia, kanuni ya #1 itapata mtu mmoja.

#27 MratibuWete
Ahsanteni, nimefaidika. Rasimu: miguu, refa na wasaidizi wawili, pete, ampaya A na ampaya B, wavu, refa wa kwanza na wa pili, mikono, refa wawili, vinyoya na meza, ampaya kwa kila mechi na refa mmoja wa shindano. Au niandike "mwamuzi" kila pahala nipumzike?

#28 VinyoyaTu
Usiandike mwamuzi pekee kwenye vinyoya na meza. Andika "mwamuzi" na "mwamuzi mkuu" ukitaka Kiswahili, lakini ziwe saini mbili za watu wawili. Na jina la refa libandikwe mlangoni kabla ya mechi ya kwanza, mchezaji ajue rufaa anaipeleka wapi.

#29 MikonoSaba
Mikono ongeza mshika saa na mwandishi wa matokeo. Adhabu ya dakika 2 inahesabiwa na hao wa mezani, si na refa, na fomu isiyo na saini yao haina wa kuulizwa mchezaji akirudi mapema.

#30 PeteMbili
Pete andika na kila ampaya ana nusu ipi, na filimbi zao ziwe na milio tofauti. Milio ikifanana na ya jirani, wachezaji wa kiwanja hiki wanasimama kwa filimbi ya kiwanja kile.

#31 KikapuMaisara
Swali dogo kwa Mzee na FilimbiMoja. Yule wa televisheni ni nani? Kriketi ina ampaya wa tatu tangu Novemba 1992 kule Durban, Sachin Tendulkar, mpigaji wa India, alipokuwa wa kwanza kutolewa kwa picha. Mpira una wa VAR, mwamuzi wa video. Kazi si ile ile?

#32 FilimbiMoja
Si ile ile. Wa VAR kwa sheria ni msaidizi. Anapendekeza, refa anaweza kwenda kutazama skrini mwenyewe, na uamuzi unabaki wa refa kila mara.

#33 MzeeMnaziMmoja
Ampaya wa tatu wa kriketi anaamua. Lalamiko la timu likimfikia, jibu lake ndilo linalosimama, na ampaya wa uwanjani ananyanyua kidole au anafuta uamuzi wake kama alivyoambiwa.

#34 Lughani
Huyo basi ndiye *non per* wa kweli: wa tatu, na jambo limepelekwa kwake.

#35 VinyoyaTu
Ukisema jambo limepelekwa kwake, umeshamfanya refa.